Botulizimu hutoka pia kwenye jeraha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie botulizimu, ugonjwa ambao kila unapotajwa watu hukumbuka chakula cha kopo kilichoharibika na kuishia hapo. Chakula ni chanzo kimoja tu. Bakteria wanaousababisha, Clostridium botulinum, wanaweza pia kuota ndani ya jeraha na kutengeneza sumu humo humo mwilini, na mgonjwa wa aina hii huchelewa kutambuliwa kwa kuwa hakuna mlo wa kulaumiwa.

Bakteria hao hukaa udongoni katika hali ya mbegu zenye ganda gumu, ambazo huvumilia hata maji yanayochemka. Zikiingia kwenye kidonda kirefu kisichopata hewa, tuseme mfupa umevunjika na kutoboa ngozi, au nyama imepondeka na kuchanganyika na udongo, mbegu hizo huchipua na bakteria huanza kutoa sumu. Ugonjwa wa jeraha ulitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1943 nchini Marekani, na kwa miongo kadhaa ulihusishwa na ajali. Tangu miaka ya 1990, hasa huko California, wagonjwa wengi wamekuwa watu wanaojidunga heroini nyeusi chini ya ngozi au kwenye msuli. Wapo wanaoamini kwamba kuichemsha kwenye kijiko kunaitakasa; haiwi hivyo. Hata sindano mpya, ingawa humkinga mtu na maradhi mengine, haisaidii iwapo mbegu zimo ndani ya dawa yenyewe.

Dalili hujitokeza kwa kawaida kati ya siku 4 na 14 baada ya mbegu kuingia. Huanzia usoni na kushuka, pande zote mbili kwa pamoja: kope hulegea, macho huona vitu viwili viwili, kinywa hukauka, ulimi huwa mzito, kumeza huwa taabu, kisha udhaifu hufika shingoni, mikononi, kifuani na miguuni, kwa sababu sumu imeikata amri ambayo neva huipelekea misuli. Muda huo wote mgonjwa ana akili timamu na anasikia yote yanayosemwa kitandani pake. Mara nyingi hana hata homa, na kidonda chenyewe huweza kuonekana kinapona vizuri. Akiwa ni mtumiaji wa dawa za kulevya, kope zilizolegea na maneno yasiyoeleweka huchukuliwa kuwa ni ulevi tu, naye huambiwa akalale. Binafsi naona dharau hiyo ni hatari kuliko uhaba wa vipimo.

Wengine huuchanganya ugonjwa huu na pepopunda, na si ajabu, maana bakteria wake ni wa ukoo mmoja. Lakini pepopunda hukakamaza misuli, botulizimu huilegeza, na chanjo ya pepopunda haikingi dhidi ya botulizimu.

Tiba ya kwanza ni antitoksini, nayo itolewe mara daktari anaposhuku, bila kungoja majibu ya maabara yanayoweza kuchukua siku kadhaa. Dawa hiyo hunasa sumu iliyo bado kwenye damu. Ile iliyokwisha kuingia kwenye neva haiwezi kuing'oa, ndiyo maana mgonjwa aliyecheleweshwa huweza kuhitaji mashine ya kupumulia kwa wiki nyingi, pengine miezi, hadi neva zichipue ncha mpya. Daktari wa upasuaji hufungua kidonda na kuondoa nyama iliyokufa, hata kama juu kinaonekana safi. Viuavijasumu kama penisilini au metronidazoli hufuata, lakini gentamisini na jamii yake huepukwa kwa kuwa huzidisha ulegevu.

Ombi langu kwa waandishi wako wa safu ya afya ni kwamba, watakapoiandika tena habari ya botulizimu, baada ya swali lile la "ulikula nini?" waongeze na hili: "Je, una kidonda chochote, au umejidunga sindano, katika wiki 2 zilizopita?"

Wako,
Msomaji wa kila siku