Mkono una majina yake, Bwana Mhariri

Bwana Mhariri,

Kila mara pikipiki inapomwangusha abiria hapa Goma, gazeti lenu huandika hivi: "amevunjika mkono", au "amevunjika mguu". Habari imeishia hapo. Mimi nilifunga watu plasta miaka 26 kabla sijastaafu, na nikisoma hivyo hubaki najiuliza: amevunjika wapi? Kwa Kiswahili mkono unaanzia begani hadi kwenye kucha, na mguu unaanzia nyonga hadi vidoleni. Humo njiani kuna mfupa utakaokurudisha kazini baada ya majuma machache, na kuna mwingine unaoweza kukuua usiku uleule.

Kosa si lenu peke yenu. Sisi wa hospitali tuliandika Kifaransa kwenye daftari, tibia, femuri, halafu tukatoka barazani kumwambia mama wa mgonjwa, "Mama, mtoto kavunjika mguu." Na maneno ya Kiswahili yapo. Mtulinga ni ule mfupa wa juu ya kifua unaokwenda begani. Kigasha ni kati ya kiwiko na kifundo cha mkono (kiwiko wengine wanakiita kisugudi, chagueni mnachopenda). Muundi ni ule mfupa wa mbele ya mguu unaojigonga kwenye kona ya kitanda gizani. Mama mzaa mama yangu hakuingia darasa hata moja, lakini majina haya yote alikuwa nayo mdomoni.

Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, volkeno yetu ya Nyiragongo ilipolipuka, nilikuwa miongoni mwa tuliokimbia kwa miguu kuelekea Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda. Nikajikwaa kwenye jiwe la volkeno, nikajizuia kwa kiganja. Sikuhitaji picha. Kigasha kilikuwa kimevunjika pale mwishoni, karibu na kifundo, na mkono umepinda kama uma uliolazwa kifudifudi mezani. Daktari wa Ireland aliyeitwa Abraham Colles aliueleza mvunjiko huu mwaka 1814, miaka 81 kabla Röntgen hajagundua miale ya kupigia picha za mifupa. Alikuwa na macho na vidole vyake tu. Jambo la kwanza nililofanya, hapo hapo barabarani, ni kuvua pete kwa mate kabla vidole havijavimba. Kisha nikakunja katoni, nikaifunga kwa kitambaa cha kichwani bila kukaza, nikaendelea na safari.

Lakini si kila mvunjiko unajionyesha hivyo. Mzee akiteleza bafuni anaweza kuvunjika shingo ya fupa la paja, huku nyonga, hata akainuka na kutembea hatua chache, watu wa nyumbani wakasema amejigonga tu. Mtazameni akiwa amelala: mguu mmoja ukionekana mfupi na unyayo umegeukia nje, msimsimamishe tena.

Wasukuma chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, ndio walionifundisha muundi. Wanateremka na magunia ya makaa, breki ni kipande cha mpira wa gurudumu, na chukudu ikiponyoka mzigo unamwangukia mtu kwenye mguu. Mbele ya muundi hakuna nyama, ni ngozi tu, ndiyo maana mfupa hutoboa ukatoka nje kwa urahisi. Mvunjiko huo hauna uhusiano na ule wa ndani, hata kama mfupa ni uleule, maana uchafu umeshaingia. Nimewahi kukaa karibu saa nzima nikiosha jeraha la kijana mmoja na kutoa punje nyeusi za mawe yetu, moja moja, na katikati yake majani yaliyotafunwa aliyobandikwa na msamaria wa njiani. Funikeni kwa kitambaa safi, mkimbieni hospitali. Majani wapeni mbuzi.

Paja ni kinyume chake. Hapo ngozi inaweza kuwa nzima kabisa, sakafu kavu, lakini lita moja ya damu au zaidi imemwagika ndani ya nyama. Motari, yaani madereva wa pikipiki, wanamkalisha majeruhi katikati ya wawili kwenye pikipiki nyingine "wamuwahishe". Ninawaomba, mtu wa namna hiyo asafirishwe amelala, mguu uliovunjika umefungwa pamoja na ule mzima.

Mtulinga na mbavu siandiki mengi. Mtulinga kwa kawaida unataka kitambaa cha kuning'inizia mkono na uvumilivu. Mbavu zisizunguushiwe bendeji, mgonjwa anatakiwa apumue vizuri.

Sasa nifike nilipokuwa nakwenda. Miaka mingi nyuma, mtoto wa miaka saba alianguka kutoka kwenye mparachichi huko Mabanga. Alivunjika juu kidogo ya kiwiko, mahali ambapo mshipa mkubwa wa damu ya mkono unapita karibu kabisa na mfupa. Daktari aliunyoosha, nikamwekea plasta ya upande mmoja, kwenye daftari nikaandika jina lake refu la Kifaransa. Mama yake aliponiuliza, nilimjibu, "Kavunjika mkono, mumrudishe kesho." Kesho yake hawakuja. Kaka wa yule mama naye aliwahi "kuvunjika mkono", akaungwa na mzee mmoja kwa vijiti vya mianzi, akapona vizuri. Ila yule alikuwa amevunjika kigasha! Mama akafanya ambavyo mtu yeyote angefanya: mkono ni mkono, akampeleka kwa mzee yuleyule.

Walirudi siku ya tatu. Mianzi ilikuwa imekazwa kwa kamba za mpira kutoka begani hadi kiganjani, vidole vya baridi, rangi ya majivu. Nilipojaribu kunyoosha kidole cha kati, mtoto alipiga ukelele uliosikika hadi nje barazani. Misuli iliyokosa damu huanza kufa ndani ya muda wa saa 6 hivi, na huyu alikuwa amemaliza siku mbili. Mkono haukukatwa, lakini vidole vilijikunja na havikufunguka tena. Yule mzee alilaumiwa na kila mtu. Mimi hakuna aliyenilaumu.

Leo yule mtoto ni mtu mzima, anauza vocha za simu karibu na soko la Virunga. Hunisalimia kwa mkono wa kushoto, na wasiomjua humwona hana adabu.

Bwana Mhariri, mwandishi wenu akienda kwenye ajali aulize mambo mawili tu: ni mfupa gani, na ngozi imepasuka au haikupasuka. Kisha aandike kwa Kiswahili. Kama majina yanamtatiza, mimi nakaa nyumbani siku hizi, na kifundo changu kimepona kiasi cha kumwandikia yote kwenye karatasi.

Muuguzi mstaafu,
Katoyi, Goma