Wodi si studio ya TikTok

Mhariri,

Mwezi uliopita nilikuwa namuuguza shangazi yangu katika hospitali moja hapa Dar es Salaam. Jioni moja mpwa wangu akanionyesha simu: mwanafunzi wa uuguzi aliye mazoezini amejirekodi akicheza katikati ya wodi, na nyuma yake shangazi kalala, kanga imemteleza, mpira wa mkojo unaonekana. Uso haupo, lakini kanga ile ukoo mzima tunaijua.

Nilipomfuata binti yule hakuwa na kiburi. Alishangaa kweli. "Mama, mbona sijataja jina la mtu?" Hapo ndipo niliposhtuka zaidi. Kumbe anaamini siri ya mgonjwa ni jina tu! Kitanda, kidonda, faili lililoachwa wazi, vyote vinamtambulisha mtu kwa majirani zake.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Je, vyuo vinaifundisha kabla ya kuwapeleka wanafunzi wodini, au wanakabidhiwa sare tu?

Video aliifuta, akaja kumwomba shangazi radhi. Shangazi akamuuliza kama ameshakula.

Msomaji wenu,
Temeke, Dar es Salaam