Acheni kulipa majirani kwa "Mungu atakulipa"

Wanangu wa Mbagala, salaam.

Wiki iliyopita jirani yangu alimbeba mgongoni mtoto asiye wake, akapanda naye daladala mpaka Kariakoo, akamkabidhi kwa mama yake gengeni, mbele ya wateja. Hakusema kitu, akaondoka. Sasa nyumba nzima inamwita mchawi. Mimi namtetea.

Namtetea kwa sababu nimeona. Mtoto analetwa kwa jirani kulelewa tangu alfajiri, anachukuliwa baada ya isha. Nepi hamna, uji wa jirani, sabuni ya jirani. Aliposhikwa na homa, hela ya zahanati ilitoka kwa huyo huyo jirani. Na jioni mama mtu anapita na nyanya zilizobaki, anaziingiza chumbani kwake mwenyewe, huku anasema, "Ahsante shoga, Mungu atakulipa." Binti, usimtume Mungu kulipa deni lako wakati nyanya unazo. Mkono mtupu haulambwi.

Najua hamna hela ya kituo cha kulelea watoto. Na dada wa kazi, hata mkimpata, atalala wapi kwenye chumba kimoja? Basi lipaneni kwa mlichonacho. Msusi amsuke mwenzie na mabinti zake. Fundi cherehani ashone sare za Januari. Anayeuza vitumbua saa tatu asubuhi keshamaliza. Mwenye mishikaki anaanza jioni. Hao wawili wanaweza kupokezana watoto bila kutoa hata shilingi, wanangu, ila hawajawahi kukaa wakaongea.

Ongeeni kabla ya siku ya kwanza: saa ngapi, chakula cha nani, akiugua nani anatoa hela. Kwenye mchezo wa kupeana hela mtu akichelewesha siku moja tu mnamfuata hadi mlangoni, kijumbe anayekusanya hela anapiga kelele mtaa mzima unasikia. Likija suala la mtoto, eti mnaona haya!

Mengine nayataja tu. Bibi akitoka kijijini kuja kulea, asirudi bila nauli na kitenge. Binti mkubwa asikatizwe shule abebe mdogo wake. Ndoo za maji zifunikwe. Dawa ya mafua si ya kumlaza mtoto. Acheni namba ya simu inayopatikana, na kadi ya kliniki.

Lakini lawama si zenu peke yenu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini anaruhusiwa hadi saa 2 za kunyonyesha kila siku. Vizuri sana. Mama lishe naye ampelekee nani barua ya likizo? Ushuru anadaiwa, na masoko yanajengwa, vizimba vinahesabiwa, maegesho yanapimwa. Katika masoko ninayokwenda mimi sijaona hata chumba kimoja cha watoto.

Na hao baba zao je? Wapo kijiweni wanasubiri kibarua, drafti katikati. Mwanamume anayeweza kukaa kwenye drafti tangu asubuhi mpaka adhuhuri, mtoto wake mwenyewe atamshinda nini? Jumamosi mkikaa uwani kupanga zamu, na yeye muandikeni.

Ni mimi bibi yenu.