Kwa vijana wangu mnaoendesha mabasi ya Dar na Mbeya

Wanangu,

Marahaba. Naanza na kuitikia kwa sababu shikamoo zenu nazipata kila nikikatiza stendi, na nazifurahia. Nimeshika usukani wa basi miaka ishirini na saba kwenye barabara hiyo hiyo ya Tanzam, ya kwenda Zambia, mpaka goti lilipoikataa klachi. Siku hizi mimi ni abiria, na abiria mwenye macho ya dereva hapati usingizi.

Juzi nilikuwa nakwenda msibani Makambako, nimekaa siti ya nyuma ya suka, dereva wetu. Mlandizi, gari dogo likatoka kushoto, likamchomekea. Hakuguswa mtu, hata kioo cha pembeni hakikukwaruzika. Lakini nilimwona kijana wangu shingo ikimvimba. Akashika honi, akawasha fulu laiti mchana kweupe, akaanza kulifukuza lile gari dogo na sisi tukiwa nyuma, watu zaidi ya hamsini na mtoto mmoja aliyekuwa akinyonya. Ligi hiyo ilikwenda mpaka Chalinze, gari dogo lilipokata kushika njia ya Tanga. Hatukufaidi kitu.

Sasa sikieni kilichonikalisha kuandika. Tulipoingia hifadhi ya Mikumi, twiga watatu wakavuka barabara. Suka yule yule akasimama. Akapunguza redio, akageuka nyuma akicheka, akawaambia abiria watazame upande wa kulia. Twiga wa mwisho alisimama katikati ya lami akatuangalia kama mtu anayesubiri chenji, na dereva wetu akamngoja kwa upole wa mkwe.

Twiga alituchelewesha kuliko lile gari dogo. Kwa nini yeye hakufukuzwa? Kwa sababu hakuna aliyedhani twiga anamdharau. Wanangu, tunachokiita hasira barabarani mara nyingi ni heshima iliyoguswa. Unajiambia, "Huyu kaniona mimi nani?" Na hakukuona wewe ni nani. Ameona bati. Pengine ana mgonjwa, pengine leseni yake hata wino haujakauka, pengine ni mpumbavu kweli. Wapumbavu wapo, nami nimewapita wengi.

Mimi mwenyewe nilikuwa na moto huo. Mwaka 1996, baada ya mji wa Mikumi, kwenye kona za Iyovi, nilikuwa nyuma ya semitrela inayokwenda kama sitini. Kila nikichungulia nipite, dereva anawasha indiketa ya kulia. Mnajua lugha yetu: ya kushoto, pita, ya kulia, tulia, kuna kitu mbele. Nami niliijua. Ila nilikuwa sijalala vizuri, posho ya safari iliyopita sijalipwa, na abiria mmoja nyuma alikuwa akipiga kelele, "Suka, tunaachwa na malori sasa?" Kicheko kikazunguka basi zima. Nikaisoma ile indiketa kama kiburi. Nikakanyaga.

Nimekuja kuipiga hesabu uzeeni, kwa kalamu. Lori liko sitini, wewe themanini, ambayo ndiyo mwisho wako kisheria. Unalizidi kwa mita tano na nusu hivi kila sekunde. Ukijumlisha urefu wa lori, urefu wa basi lako, na nafasi ya kutoka na kurudi, unahitaji sekunde kumi na mbili upande usio wako. Kwa muda huo umekula karibu mita 270, na anayekuja naye kwa themanini amekula 270 zake. Yaani uione barabara tupu zaidi ya nusu kilomita. Kona za Iyovi hazikupi hata robo yake.

Niliona taa za lori linalokuja mbele yangu nikiwa sambamba na mlango wa semitrela. Breki zisingenisaidia. Kilichonisaidia ni yule niliyemwita mwenye kiburi: alikanyaga breki, akapeleka matairi yake ya kushoto kwenye vumbi nje ya lami, akaniachia tundu. Nikaingia. Lori la mbele likapita na upepo wake ukanikunja kioo. Ndani ya basi kimya, isipokuwa kopo moja la soda lililokuwa likibingirika kutoka nyuma kuja mbele, mpaka likagonga gia.

Tulikutana Ilula, nimesimama abiria wanunue nyanya. Nilimwona anashuka kwenye semitrela, nikakunja ngumi, maana bado nilikuwa mjinga. Akanisalimia. Akasema, "Ndugu yangu, nilikuwa nakwambia kuna gari." Akaomba maji ya rejeta.

Mjukuu wangu amenisomea kwamba Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo vya barabarani kama milioni 1.19 kwa mwaka duniani kote, na kwamba kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi. Mimi nimebaki na lile kopo.

Najua mtaniambia habari za tajiri mwenye basi na hesabu zake, na habari za usiku tangu mabasi yaruhusiwe tena kukesha barabarani mwaka 2023. Ni kweli. Dereva asiyelala hukasirishwa hata na inzi. Tajiri nitamwandikia siku yake, na abiria wanaochochea ligi nao nina maneno nao. Leo nasema na nyinyi, kwa sababu mguu ulio juu ya mafuta ni wenu.

Ukihisi shingo inavimba, usibishane nayo, haisikii. Msogeze konda karibu akupigie hadithi. Ikigoma, ukifika Ruaha Mbuyuni egesha, dakika kumi, watu wanunue vitunguu. Watalalamika. Waambie gari limepata moto, tunalipoza. Wala hutakuwa umewadanganya sana.

Mzee wenu wa siti ya nyuma ya dereva