YAH: Muvi ya baba na mwana niliyolipia, mkaniletea ya padri na binti

Kwenu kastama kea,

Habari za kazi. Hii ni mara ya tatu naandika. Mara mbili za mwanzo nilichati na ile roboti yenu inayoniita Mpendwa, ikaniambia nizime simu niwashe, nikazima nikawasha, muvi ikabaki vilevile. Kwa hiyo hii naomba isomwe na binadamu.

Ijumaa jioni nililipia kifurushi cha mwezi, shilingi 12,000, kwa sababu moja tu, niliona mmeweka Iron Monkey, yaani Nyani wa Chuma, muvi ya kung fu. Tena chini yake mmeandika wenyewe, toleo halisi la Hong Kong la 1993, sauti ya Kikantoni, maandishi ya Kiswahili, dakika 90. Jamani nilifurahi. Hii muvi mara ya kwanza niliiona Temeke kibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video, nimekaa chini katikati ya miguu ya mzee wangu, na mzee hakuwa mtu wa vibanda kabisa, siku ile sijui alipatwa na nini. Sasa na mimi nina wa kwangu wa miaka 9, nikasema leo tunakaa wawili, nikanunua na karanga, mama yake nikamwambia asitutume dukani mpaka iishe.

Ikaanza. Kikantoni kipo, hapo sina neno. Ila muziki siyo wenyewe. Nyie labda mtaona ni kitu kidogo lakini Wong Fei-hung, yule mtoto wa kwenye hii muvi, ana wimbo wake, anatembea nao toka muvi za zamani huko, hata nikiwa chooni nikiusikia najua nani anaingia. Nikasubiri, nikasubiri, haupo, badala yake kuna muziki wa Hollywood tu wa kawaida. Ndo nikajua hii siyo ya Hong Kong, hii ni ile iliyopelekwa kwenye majumba ya sinema Marekani 2001, ambayo huko walibadilisha muziki wote wakapunguza na vipande vya mapigano makali na vya vichekesho. Na kweli saa yenu ya chini iliishia dakika ya 85. Sasa kama mnauza ya Marekani andikeni ya Marekani, mtu achague mwenyewe, kwani mngepungukiwa nini?

Halafu mmeiweka kwenye kundi la Samurai na Karate. Samurai wapi ndugu zangu, hii ni China, enzi za ufalme wa Qing, watu wana mikia ya nywele mgongoni. Wong Fei-hung mwenyewe ni mtu aliyeishi kweli, kazaliwa 1847 Foshan mkoa wa Guangdong, alikuwa mganga wa mifupa na dawa za mitishamba, na baba yake Wong Kei-ying naye hivyohivyo, mganga na mpiganaji, mmoja wa wale kumi waliokuwa wanaitwa chui milia wa Guangdong. Baba ndo alimfundisha. Muvi za Wong Fei-hung zipo nyingi mno, Kwan Tak-hing peke yake alimwigiza toka 1949 zaidi ya mara 70, ila hii imemkamata akiwa bado mtoto anamfuata baba yake na mwavuli, na ndo maana nilitaka mwanangu aione hii na siyo nyingine.

Sasa tuje kwenye maandishi yenu ya Kiswahili, hapa ndo nilipochoka kabisa. Yule mwizi anayewaibia matajiri anawagawia maskini mmemwita Pasi Nyani. Pasi! Dogo akaniuliza baba huyu anapiga pasi nguo za nani, nikakosa jibu. Nimekaa nikaelewa baadaye kwamba mmechukua maneno ya Kiingereza mkayatia kwenye mashine, mashine ikaona chuma ikadhani ni pasi, na hakuna mtu hata mmoja ofisini kwenu aliyefungua muvi akaangalia dakika tano. Kina Lufufu wa kule vibandani walikuwa wanatafsiri kwa mdomo, muvi inakimbia na wao wanakimbia nayo, na mtu ulikuwa unaelewa.

Pasi ningevumilia. Kuna pale gavana anamkamata baba akimshuku ndo mwizi, akiona anavyopigana anamwambia una siku saba uniletee huyo mwizi, na mtoto anabaki gerezani rehani. Baba anatoka pale peke yake, mji mzima unampenda mwizi kwa hiyo hakuna anayetaka hata kumuuzia chakula, na anayekuja kumpokea na kumlisha ni daktari Yang, ambaye ndo mwizi mwenyewe anayetafutwa ila baba hajui. Muvi yote imening'inia hapo, kwa yule mtoto ndani na baba yake nje. Sasa kila mtoto akimwita baba yake nyie mnaandika "Padri". Padri! Kila mara, mwanzo mpaka mwisho. Na kwenye maelezo ya muvi mmeandika inahusu mtu na "binti yake".

Mke wangu alipita kuchukua chaja, akasoma maelezo, akasoma na maandishi ya chini, akasimama. Padri, binti, gerezani. Akaniuliza mnaangalia nini nyie, na huyu mtoto?

Nilimweleza lakini niliona kabisa hajaamini.

Na hilo la binti najua limetoka wapi. Aliyeigiza Wong Fei-hung mdogo ni mtoto wa kike, Tsang Sze-man, na alikuwa anaijua wushu, yale mapigano ya Kichina, kwelikweli, ndo maana ile mikono inaenda hivyo. Aliyeigiza baba ni Donnie Yen. Lakini mwigizaji kuwa wa kike hakumfanyi Wong Fei-hung kuwa wa kike, wala mashine isijitetee kwa hilo. Nilimwambia dogo kwamba yule ni msichana, akakataa katakata, akasema msichana hawezi kupiga vile, tukawekeana soda. Nikamwambia sawa, ngoja iishe, majina yatapanda mwishoni, tutalichukua jina lake tuligugo.

Muvi imeisha, majina hata hayajafika mstari wa tatu mkayakata, ikaruka muvi nyingine ya majini na mapepo. Nikarudisha nyuma, ikaruka tena. Nikajaribu mara nne. Pale ndo nilitaka pia kumwonyesha jina la Yuen Woo-ping, aliyeongoza, maana naye ni mtoto wa baba yake, yule mzee Yuen Siu-tien mwenye pua nyekundu anayemfundisha Jackie Chan kupigana kilevi kwenye muvi ya 1978, na ile nayo mwanawe ndo aliyemwongoza. Mzee wangu alikuwa anamjua yule kwa sura tu. Hayo yote yalikuwa kwenye majina mliyokata ili mnionyeshe majini.

Matangazo sasa. Kifurushi nimelipia, mmeandika hakina matangazo, lakini yamekuja matatu, yote ya kubeti. La mwisho limeingia pale mwishoni kabisa, baba na Nyani wanapambana na yule mtawa aliyeasi Shaolin, wako juu ya nguzo na chini moto unawaka, mtu anataka kuanguka, mara kijana anaruka na tiketi anasema ameshinda milioni. Mwanangu ana miaka 9. Ameniuliza mkeka, ile tiketi ya kubeti, ni nini. Hilo swali sikulipia mimi.

Ninachotaka siyo kikubwa. Nirudishieni 12,000 yangu kwenye namba ileile niliyolipia, au muweke toleo la Hong Kong mliloandika, na kama mtaliweka basi mtafuteni Mswahili mmoja mumlipe aangalie muvi yote aandike "baba" panapotakiwa baba. Matangazo ya kubeti yatoeni, na majina ya mwisho yaacheni yapande mpaka yaishe. Skrinshoti saba nimeambatanisha, ile ya Pasi Nyani ni ya tatu na ya Padri gerezani ni ya tano, ile ya tano naomba mumtumie na mke wangu barua rasmi ya kueleza.

Jina la yule msichana nimelitafuta mwenyewe kwa bando langu, nikamwonyesha dogo, akasema nyie mmeandika binti kwenye maelezo kwa hiyo hata yeye alishajua, na soda hatoi. Bei ya soda iongezeni kwenye ile hela ya kurudisha.

Naomba jibu kabla kifurushi hakijaisha.

Baba Iddi,
Mbagala