Waandikeni Warohingya kwa jina lao

Kwa Mhariri,

Wiki iliyopita, katika ukurasa wa habari za kimataifa, gazeti lako lilichapisha habari isiyofika hata nusu safu kuhusu boti iliyojaa watu katika Bahari ya Andaman, na mara tatu katika habari hiyo watu hao waliitwa "wahamiaji haramu kutoka Bangladesh". Mimi ni msomaji wenu wa miaka mingi na nilifundisha Kiswahili katika shule za msingi za jiji hili hadi nilipostaafu, kwa hiyo naomba mnivumilie nikishikilia neno. Watu hao walikuwa Warohingya. Bangladesh walipitia tu, kwenye kambi zake; kwao ni Jimbo la Rakhine, magharibi mwa Myanmar, ambalo zamani liliitwa Arakan. Tena mhamiaji ni mtu aliyefunga mizigo akaondoka kwa kutaka mwenyewe, ilhali aliyeondoka huku paa la nyumba yake likiwaka moto tunamwita mkimbizi.

Najua kwamba mwandishi hakukusudia ubaya. Anayetafsiri habari za mashirika ya nje, huku gazeti likisubiriwa mitamboni, hushika neno lililo karibu. Taabu ni kwamba neno hilo lina wenyewe. Serikali ya Myanmar, ya wanajeshi na hata ile ya raia, imetumia miongo kadhaa kuwashawishi watu wake na ulimwengu kwamba Warohingya hawapo, kwamba kuna "Wabengali" tu waliovuka mpaka kinyume cha sheria. Katika sensa ya mwaka 2014 karani alifika mlangoni, akauliza kabila, na akijibiwa "Rohingya" alifunga kitabu chake akaenda nyumba ya pili. Zaidi ya watu milioni moja wa Rakhine hawakuhesabiwa kwa njia hiyo. Mwaka 2016 serikali ya Aung San Suu Kyi iliwaomba mabalozi wa nje wasilitamke jina hilo. Papa Francis alipozuru Myanmar mwaka 2017 hakulitamka hadharani mpaka alipofika Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh. Na Desemba 2019, Suu Kyi mwenyewe, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 1991, alisimama mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague kulitetea taifa lake dhidi ya shtaka la mauaji ya kimbari bila kuwataja watu waliouawa kwa jina lao. Neno Rohingya lilimtoka tu alipotaja jina la kundi la wapiganaji.

Jina lenyewe si jipya. Mwaka 1799 daktari Mskoti, Francis Buchanan, aliandika kwamba Waislamu wenyeji wa Arakan walijiita "Rooinga". Ni kweli pia, na sioni sababu ya kuficha, kwamba baada ya Waingereza kuiteka Arakan mwaka 1826 watu wengine walivuka kutoka Chittagong, katika Bangladesh ya leo, kwenda kulima mpunga, na ukoo mmoja ukachanganyika na mwingine. Baada ya uhuru wa mwaka 1948 Warohingya walipiga kura, wakakaa bungeni, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 redio ya taifa ilikuwa na kipindi kwa lugha yao. Kisha Jenerali Ne Win akatwaa mamlaka mwaka 1962, na miaka 20 baadaye ikapitishwa sheria ya uraia ya 1982, iliyoyafanya makabila yaliyokuwepo nchini kabla ya mwaka 1823 kuwa ndiyo wenyeji wa asili. Leo serikali inatambua makabila 135, na Warohingya hawamo.

Naomba wasomaji wa Nairobi waupime mwaka huo wa 1823 kwa kipimo cha kwao. Reli ilifika hapa mwaka 1899, ikakuta kinamasi na maji baridi ambako Wamaasai walinywesha ng'ombe. Mtu akiamua kesho kwamba mkazi halali wa jiji hili ni yule ambaye babu zake walikuwa hapa mwaka 1823, ni nani kati yetu atakayelala kitandani mwake kesho kutwa?

Swali hilo sikulipata vitabuni. Mimi ni Mnubi wa Makina, Kibra, mmoja wa wazao wa askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza. Babu yangu alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na mwaka 1944 alipigana Burma, kama Myanmar ilivyoitwa wakati huo, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyoteremka bonde la Kabaw hadi mto Chindwin katika majira ya mvua kubwa za huko. Alirudi na karatasi moja ya kuachishwa jeshi. Mama aliihifadhi ndani ya mkebe wa biskuti pamoja na karafuu chache za kufukuza wadudu, na mikunjo yake ilipoanza kukatika aliibandika kwa nyuma plasta ya hospitali.

Mwaka 2006 mwanangu alipotimiza miaka 18 tulikwenda ofisi moja ya usajili kumwombea kitambulisho. Jirani yetu wa kabila jingine alikuwa amelipeleka ombi la kijana wake mwezi huo huo na hakuulizwa zaidi ya hati ya kuzaliwa. Sisi tuliambiwa tusubiri siku ya kamati, kwa sababu watoto wa Kinubi walikuwa lazima wapigwe msasa. Walitaka hati ya mtoto, wakataka yangu, wakataka ya mama yangu, kisha wakataka "mizizi". Nikatoa mkebe. Ofisa aliikunjua karatasi ile, akaenda nayo dirishani kwenye mwanga, akaisoma juu hadi chini, halafu akaniuliza, "Mwalimu, huyu mzee alienda Burma kutafuta nini?" Nikamjibu kwamba hakwenda, alipelekwa. Kitambulisho kilitoka baada ya miezi minane.

Sitaki nieleweke vibaya. Silinganishi Kibra na Maungdaw, mji wa Warohingya huko Rakhine. Hakuna jeshi lililotuchomea mitaa ili tuhame nchi, na mambo yetu, japo polepole, yamesogea: Kamati ya Afrika ya Haki za Mtoto iliamua kwa upande wetu mwaka 2011, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ikafuata mwaka 2015, na mwaka 2017 tukapewa hatimiliki ya ekari 288. Wamakonde wametambuliwa, Washona wametambuliwa, Wapemba wa Pwani wametambuliwa. Ninachosema ni kwamba naijua njia ile kwa sababu nimesimama mwanzoni mwake, penye benchi na karani.

Warohingya walisukumwa katika njia hiyo mpaka mwisho. Wazee wao walikuwa na kadi za usajili za taifa walizopewa miaka ya 1950, sawa na watu wengine wa Burma. Kuanzia mwaka 1989 kadi hizo zilikusanywa ili wananchi wapewe mpya za rangi mbalimbali, ya pinki ikiwa ya raia kamili. Warohingya wengi walikabidhi za zamani na hawakupewa chochote. Mwaka 1995 wakaanza kupewa kadi nyeupe, ya muda, isiyothibitisha uraia. Mwaka 2015 hata hiyo nyeupe ikafutwa, na baada yake ikaja kadi ya "uhakiki" ambayo wengi waliikataa kwa kuwa kuipokea kulikuwa sawa na kukiri ugeni. Wakati huo wote kwenda kijiji cha pili kulihitaji kibali, kuoa kulihitaji kibali, na katika Maungdaw na Buthidaung wenye ndoa walizuiwa kuzaa zaidi ya watoto wawili. Karatasi yenye neno Burma ilimfanya mwanangu Mkenya. Burma kwenyewe, karatasi ya Mrohingya haikumfaa kitu.

Ndiyo maana habari zinazoanza mwaka 2017 huniudhi kidogo. Zaidi ya watu 200,000 walikuwa wamekwisha kukimbilia Bangladesh mwaka 1978, katika operesheni ya kukagua vitambulisho iliyopewa jina la Mfalme Joka. Wengine wapatao 250,000 walikimbia mwaka 1991 na 1992. Na mwaka 2012 mitaa yao mjini Sittwe ilichomwa, wakafungiwa makambini nje ya mji ambamo wengi wako hadi leo. Tarehe 25 Agosti 2017 wapiganaji wa Kirohingya wa kundi la ARSA walishambulia vituo 30 hivi vya polisi na kuua askari 12, na shirika la Amnesty International lilieleza baadaye jinsi kundi hilo lilivyowachinja pia wanakijiji Wahindu. Hayo ni makosa ya wenye makosa. Lakini kilichofuata kilikuwa kimetayarishwa siku nyingi. Jeshi lilikiita operesheni ya kusafisha, na sisi tulioliona soko la Toi hapa Kibra likiteketea katika machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 hatuhitaji mkalimani wa neno kusafisha, kwa maana tulisikia watu wa makabila mengine wakiitwa "madoadoa" na "kwekwe" kabla ya kuona moshi. Zaidi ya watu 700,000 walivuka kwenda Bangladesh katika miezi michache. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilikadiria kwamba watu wasiopungua 6,700 waliuawa katika mwezi wa kwanza pekee, wakiwemo watoto wasiopungua 730 walio chini ya miaka mitano. Katika kijiji cha Inn Din wanaume 10 walipigishwa magoti, wakapigwa picha, kisha wakauawa na kufukiwa kaburi moja. Waandishi wawili wa Reuters waliofichua habari hiyo, Wa Lone na Kyaw Soe Oo, walikaa gerezani zaidi ya siku 500.

Katika misikiti yetu jambo hili huelezwa kama vita vya dini tu, na kwa hilo pia natofautiana na ndugu zangu. Chuki dhidi ya Uislamu imo, tena nyingi, na watawa wa Kibudha waliihubiri hadharani. Hata hivyo, Wakaman wa Rakhine ni Waislamu na wamo katika orodha ile ya makabila 135. Tukisema ni dini peke yake, tunaacha kuitazama sheria, na sheria ndiyo inayoweza kubadilishwa.

Leo zaidi ya milioni moja wamo katika kambi za Cox's Bazar, Bangladesh, katika vibanda vya mianzi na maturubai juu ya vilima vinavyoporomoka kila masika, bila ruhusa ya kufanya kazi. Mwaka 2023 posho ya chakula ilishuka kutoka dola 12 hadi dola 8 kwa mtu kwa mwezi, ambazo ni kama senti 27 kwa siku. Aliyewahi kufika Kakuma au Dadaab hahitaji kuelezwa maana yake. Waliobaki Rakhine walinaswa kati ya jeshi na waasi wa Arakan Army, na Agosti 2024 familia zilizokuwa zikisubiri kuvuka mto Naf, ulio mpakani na Bangladesh, zilishambuliwa kwa droni. Mwezi wa Februari mwaka huo huo jeshi lilianza kuwakamata vijana wa Kirohingya na kuwaingiza vitani kwa sheria ya utumishi inayowahusu raia. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka babu. Mtu huwa raia mara moja pale bunduki inapotafuta mabega.

Kuna upande mmoja wa habari hii ambao gazeti la Kiswahili lingeweza kuuandika vizuri kuliko magazeti ya London. Katika vita ile ile ya babu yangu, askari wa Gambia walipigana Arakan penyewe, katika bonde la Kaladan. Miaka zaidi ya 70 baadaye, waziri wa sheria wa Gambia, Abubacarr Tambadou, alizuru Cox's Bazar, akasikia aliyoyasikia, na akasema aliyatambua, kwa kuwa alikuwa ameyasikia kwa miaka katika mahakama ya mauaji ya Rwanda, iliyokaa Arusha, safari ya saa chache kwa basi kutoka hapa. Novemba 2019 nchi yake ndogo iliishtaki Myanmar katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Januari 2020 majaji wote 17 waliiamuru Myanmar iwalinde Warohingya, na katika amri hiyo walieleza kwamba wanaposema Rohingya wanamaanisha kundi linalojiita kwa jina hilo. Pingamizi za Myanmar zilitupwa Julai 2022. Kesi hiyo ni ndefu na kavu, haina picha nzuri, na nadhani ndiyo sababu hatuioni katika kurasa zenu. Lakini mna waandishi wanaojua kuifuata kesi, na msomaji anayejua Arusha ni wapi ataisoma.

Kwa hiyo naomba mambo mawili tu: kwamba kesi ya The Hague ipewe mwandishi wa kuifuatilia, na kwamba masahihisho ya habari ile ya boti yachapishwe katika ukurasa ule ule ilimotokea. Kama tatizo lilikuwa nafasi, nimehesabu: "wahamiaji haramu" ni herufi kumi na tano, na "Warohingya" ni kumi.

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu,
Makina, Kibra,
Nairobi