Usimwachishe mwalimu ili ulipe ukumbi: barua kwa mdogo wangu wa Mwanza

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti wa juzi usiku nimeusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa kwenye daladala, nikaambulia neno "nafunga" na honi nyingi. Mara ya pili nilikuwa jikoni. Nikazima jiko, nikakaa kwenye kigoda. Dakika saba! Mama mdogo angekusikia angesema umeanza kurithi mdomo wa babu.

Jibu langu ni refu kuliko swali lako, ndiyo maana naandika. Na naandika wazi, kwa ruhusa yako, kwa sababu wewe ni wa tatu mwaka huu kuniletea habari hiyohiyo: vyuma vimekaza, wanafunzi wamepungua, mwenye nyumba kapandisha kodi, nifanyeje na hii studio ya dansi?

Lakini wewe umeshapanga. Unataka kuwaachisha kazi walimu wako wawili, ufundishe madarasa yote mwenyewe, pesa yao iende kwenye pango, ukumbi ubaki na sakafu yako uliyoitengeneza 2022 ibaki. Nakuelewa. Mimi nilifanya hivyohivyo mwaka 2020.

Unaikumbuka sakafu yangu ya Sinza? Ulikuja likizo ukalala juu yake siku mbili kwa sababu ilikuwa na ubaridi mzuri. Nilimtoa fundi Keko, seremala mzee wa makochi ambaye hakuwahi kutengeneza sakafu ya kuchezea maishani mwake. Tulikaa chini na vipande vya mbao nikimweleza: chini zege, juu ya zege fremu za pine, chini ya kila fremu kipande cha mpira ili mtu akiruka sakafu imeze kishindo, halafu plaiwudi mbili, ya juu ikikatiza maungio ya ya chini. Akaniuliza, "Mama, watu watacheza au wataegesha gari?" Nikamwomba atumie skrubu, asipige msumari hata mmoja, ili siku nikihama nihame nayo. Wiki nzima studio ilinuka gundi. Siku ya kwanza niliruka juu yake peku, peke yangu, mlango umefungwa. Magoti yangu, yaliyokuwa yamepigwa na vigae miaka sita, yalishukuru.

Kwa hiyo Machi 2020 ilipofika, nilikuwa nimeshaamua moyoni kitu gani kitakuwa cha mwisho kuondoka.

Mgonjwa wa kwanza wa corona hapa kwetu alitangazwa Machi 16. Kesho yake ikatoka amri shule zifungwe. Darasa langu la watoto la Jumamosi lilikuwa na watoto 31. Jumamosi ile walikuja wanne, na watatu kati yao walikuwa ndugu wa tumbo moja ambao mama yao alikosa pa kuwaacha. Wenzetu wa Nairobi waliwekewa amri ya kutotoka usiku, kuanzia saa moja jioni. Sisi hatukufungiwa, na kwa mfanyabiashara mdogo hilo lilikuwa na upande wake mchungu, kwa sababu mwenye nyumba alinijibu neno moja tu: "Serikali haijafunga biashara, wewe unafunga kwa nini?" Sikuwa na la kumwambia. Wateja hawakuja, lakini kwenye karatasi mlango wangu ulikuwa wazi.

Aprili kodi ya miezi sita ikaiva. Laki sita na nusu mara sita. Benki nilikuwa na milioni nne na kidogo. Nikailipa yote, nikabaki na nauli, na mwalimu wangu nikamwambia vumilia.

Unamjua, yule uliyekuwa ukimwita Kaka Viatu kwa sababu hukuwahi kumwona amevaa. Alisomea ngoma Bagamoyo. Alikuwa na uwezo wa kumfundisha mtoto wa miaka mitano sindimba bila mtoto kujua kwamba anahesabu. Akavumilia Aprili. Akavumilia nusu ya Mei. Halafu mama mmoja wa Mbezi akamwomba awachezeshe wanawe wawili kwenye kibaraza, maana walikuwa wanamtia wazimu ndani. Majirani wakaona. Juni 29 shule zilipofunguliwa, yeye alikuwa na watoto 19 chini ya mwembe, wengi wao waliokuwa wangu. Mimi nilikuwa na sakafu inayong'aa na watoto sita.

Nilimnunia mwaka mzima, nikasema kaniibia wanafunzi. Ilinichukua muda kukubali kwamba wazazi hawakuwa wamelipia plaiwudi. Walimlipia mtu ambaye mwanao akirudi kwake Jumamosi anakumbuka jina lake na kile alichoshindwa wiki iliyopita.

Sasa tuje kwako, na uchukue daftari. Umesema ukumbi ni Sh 600,000 kwa mwezi. Ukumbi unaweza kutumika saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku, siku saba, yaani saa 84 kwa wiki. Ratiba uliyonitumia ina saa 11. Saa 11 kwa wiki ni kama saa 47 kwa mwezi. Gawanya. Kila saa unayofundisha inakula karibu elfu kumi na tatu ya pango kabla hujawasha taa. Kuna ukumbi wa shule hapa nakodi kwa elfu nane kwa saa, na saa nisiyokuwapo sidaiwi. Sijui huko kwenu bei gani, lakini shule zipo, kumbi za makanisa zipo, na mchana wa katikati ya wiki nyingi zimelala kama paka. Hapo ndipo pa kukata, mdogo wangu. Ukimkata mwalimu unakata saa 11 zenyewe, maana wewe peke yako, mwili mmoja, huwezi kufundisha watoto, kizomba, amapiano na mazoezi ya akina mama na bado usiku ujibu simu za wateja. Nilijaribu. Agosti ile nilivimba kifundo cha mguu, nikafundisha nimekaa kwenye kiti nikipiga makofi.

(Na hilo pango lako: kodi ya zuio ya serikali, asilimia 10 kwenye pango la biashara, anayeikata na kuipeleka TRA ni mpangaji. Uliza sasa kama ile laki sita ni kabla au baada ya kukata hiyo kodi. Watu wamefungiwa akaunti kwa kitu kidogo hiki.)

Kilichoniinua mimi hakikuwa darasa. Kilikuwa harusi.

Nilikuwa nazidharau. Najua na wewe unazidharau, nilikusikia ukisema "zile stepu za maharusi". Lakini hebu fikiri. Mtu anayependa kucheza atakuja akipata nafasi, asipopata hatakuja. Bibi harusi ana tarehe. Kadi zimeshachapwa, MC kalipwa, na yeye, matroni na wapambe wanane lazima waingie ukumbini mbele ya watu mia tatu na simu mia tatu zinazorekodi. Yule hakosi mazoezi. Kwanza ilikuwa harusi moja, Septemba 2020, wapambe wanane, mmoja wao bestimani mwenye mguu mzito kama nanga. Tulimfundisha hatua nne tu, na tukampa kazi ya kufungua mwavuli. Shangazi wa bibi harusi alikuja mazoezi ya mwisho kukagua. Akakaa, pochi mapajani, akatazama hadi katikati. "Hicho kiuno mbele ya padri?" Tukakipunguza. Usiku wa sherehe, naambiwa, kiuno alikizungusha yeye mwenyewe.

Kichen pati, sendofu, harusi, mahafali. Ila chukua pesa nusu kabla ya hatua ya kwanza. Kamati ya harusi ni watu wazuri sana, lakini wanasubiri michango, na sherehe ikishapita deni lako linakuwa la yatima. Nimewahi kuzungushwa miezi mitano kwa laki na themanini.

Na hapo utaona umuhimu wa kalenda. Mwaka 2025 na 2026 Kwaresima na Ramadhani zilianza wiki moja. Hakuna anayeoa, darasa la jioni linabaki na watu watatu, na Januari imeshawakausha wazazi kwa ada za shule. Zamani nilikuwa naumwa tumbo kila mwaka kipindi hicho. Sasa ndicho kipindi cha kupokea malipo ya awali, kwa sababu watu hawaoi lakini wanapanga. Harusi za baada ya Pasaka na Idi zote nazishika Februari na Machi, na walimu wanachukua likizo yao kwa zamu.

Kuhusu kushusha ada: usishushe. Nilitoka elfu sitini kwenda elfu thelathini na tano. Wapya hawakuja, wa zamani wakalipa kidogo, na siku nilipotaka kurudisha bei wakaniona mwizi. Kilichofanya kazi ni kuuza kidogokidogo kama umeme wa luku. Elfu tano kipindi kimoja, unacheza leo, kesho ukikosa hudaiwi. Kwa mwezi anayekuja mara tatu kwa wiki analipa elfu sitini ileile, lakini haitoki mfukoni kwa mkupuo.

Darasa ambalo sikulitegemea ni la rumba, Jumanne na Alhamisi saa 4 asubuhi. Niliandika bangoni "darasa la dansi", wazee wakaja wakidhani ni muziki wa dansi, Msondo na Sikinde. Sikuwarekebisha. Wastaafu kumi na mmoja, wengi wametumwa na daktari kwa ajili ya sukari au presha. Wanafika kabla yangu, wanalipa bila kukumbushwa, na wanagombana kuhusu bendi gani ilikuwa kali kuliko ipi. Mwalimu wao ni binti wa miaka 24 ambaye imebidi ajifunze majina ya wapiga gitaa.

Mengine nitapita haraka. Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023, hadi mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere ulipowashwa Februari 2024, ulinifundisha kununua spika ya kuchaji na kuhamisha madarasa kwenye mwanga wa jua. Video za mtandaoni: moja ilitazamwa na watu laki mbili, aliyekuja mlangoni ni mmoja, na alikuwa anatafuta kazi. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, ikatoka amri ya kutotoka usiku Dar es Salaam na intaneti ikazimwa: sikufundisha na sikuweza hata kuwaarifu wazazi. Wapo waliopoteza watu siku zile. Mimi nilipoteza madarasa, kwa hiyo hilo silipigii kelele. Ila nilihakikisha walimu wamelipwa mwezi ule, wote, kwa kuuza kitu.

Nadhani umeshakisia nilichouza. Kanisa moja la Tabata walikuwa wanatafuta jukwaa la kwaya. Fundi wa Keko hayupo tena, alikuja mwanawe na bisibisi ya umeme. Skrubu zikatoka moja moja kama baba yake alivyozifunga, vipande kumi na viwili, pikapu safari mbili. Chini ya kipande cha kona nilikuta kibanio cha nywele cha mtoto, cha pinki. Nililia kidogo, nisikudanganye. Halafu nikaweka mkeka wa mpira kwenye ukumbi wa shule, na Jumamosi iliyofuata watoto waliuliza swali moja tu: mwalimu yuko wapi, maana alikuwa amechelewa dakika kumi kwa foleni.

Kaka Viatu, kama ulikuwa unataka kuuliza, sasa tunafanya naye kazi za mahafali. Tulipatana 2022. Bado havai viatu.

Jumamosi hii nina watoto hadi saa sita. Nipigie saa saba, daftari liwe mezani, na mkeo awepo, kwa sababu ndiye anayejua pesa imekwenda wapi. Lakini kabla ya hapo mpigie yule binti wako wa Jumanne. Kwenye dakika ya tano ya ujumbe wako umesema hajalipwa tangu mwezi wa pili, ukapita kama vile unasoma hali ya hewa. Mtumie hata nusu leo, halafu mwambie nusu nyingine siku gani.

Dada yako,
Dar es Salaam